Vyungu vya barazani vihesabiwe kwa ndoo za maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno kuhusu vibaraza vya Arusha. Kuanzia Njiro hadi Ngaramtoni, kuna nyumba nyingi sasa ambazo mgeni akitaka kubisha hodi inabidi apite ubavu ubavu kama kaa. Kibaraza cha mita 3 kwa 2 kina vyungu 40, 50, hata 60: ndoo za rangi, madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa shingo, sufuria zilizotoboka, vyungu vya saruji vyenye nakshi, na viriba ambavyo mche wake haujahamishwa tangu siku uliponunuliwa. Kazi yangu ni kitalu cha miche, kwa hiyo msomaji aelewe kwamba ninayoyaandika hapa yananinyima mauzo. Hata hivyo, mteja anayerudi kila baada ya miezi 2 kununua mche uleule kwa sababu wa kwanza umekufa si mteja wa kujivunia.

Mnunuzi akifika kitaluni huuliza mambo mawili: bei, na kama chungu kitaenea pale pembeni mwa mlango. Kitakunywa nini mwezi wa Februari, hilo haliulizwi. Basi tulipigie hesabu. Kopo la lita 2 lililo juani linataka karibu nusu lita kwa siku wakati wa kiangazi. Ndoo ya lita 20 yenye nyanya inayozaa inakunywa lita moja na nusu hadi mbili. Tukichukua wastani wa lita 1 kwa chungu, vyungu 60 ni lita 60, yaani ndoo kubwa 3 kila siku ya Mungu, na kwa mwezi lita 1,800, karibu uniti 2 za mita ya maji. Kwa keni ya lita 10 ni safari 6 za bombani. Ukimwagilia inavyotakiwa, polepole mpaka maji yachuruzike chini, kila chungu kinakula nusu dakika, safari za bomba kando. Nusu saa imekwisha na hujachuma hata jani moja lililokauka. Ndiyo maana watu huanza kurashia juu juu, vijiko viwili hapa vitatu pale. Udongo unalowa sentimita 3 za juu, mizizi ya chini inakauka, na mmea unanyauka saa 6 mchana huku mwenyewe anaapa kwamba asubuhi aliumwagilia.

Utasikia mtu akijitetea kwamba wazee wa Kilimanjaro na Meru walibananisha mimea tangu zamani na hawakupata hasara. Ni kweli kihamba kimebanana: juu miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Lakini mimea ya kihamba inakula sinia moja. Mzizi ukikosa maji hapa unayafuata kule, majani yakianguka yanaozea papo hapo na kurudi kuwa chakula. Mmea wa kwenye kopo ni mfungwa, unakula kilicholetwa tu, na mlinzi akisafiri siku 3 kwenda msibani Rombo, hakuna wa kuulisha.

Makopo madogo ndiyo yanayoponza zaidi, na sababu yake ni ya hesabu tu. Udongo mzuri wa chungu hushika maji yanayonyweka kiasi cha robo ya ujazo wake, au pungufu. Kopo la lita 2 lina akiba ya nusu lita, ambayo ni ya siku moja. Ndoo ya lita 20 ina akiba ya lita 4 hadi 5, nayo ni ya siku 2 au 3. Tena ukikuza chungu mara 2 kwa kipenyo na kimo, udongo unaongezeka mara 8, wakati ubavu unaopigwa jua unaongezeka mara 4 tu. Ndoo nyeusi ya plastiki iliyowekwa upande wa magharibi, ikipigwa jua la saa 9 alasiri, udongo unaogusa ubavu wake hupata joto la kuua mizizi. Ing'oe mimea ya namna hiyo utaona mizizi yote imekimbilia upande wa kivuli, upande wa jua ni kahawia na inavunjika kama njiti. Dawa yake haina gharama: ipake ndoo rangi nyeupe kwa nje, au iingize ndani ya ndoo nyingine kubwa kidogo ili hewa ipite katikati. Chungu cha udongo wa kuchoma hakichemki hivyo kwa sababu maji hupenya ukutani na kukipoza, lakini maji hayo ni yako, kwa hiyo kitahitaji kunyweshwa mara nyingi kuliko cha plastiki cha ukubwa uleule.

Ushauri wangu basi ni kupunguza idadi na kuongeza ukubwa. Nitoe tahadhari moja hapo, maana wapo wanaosikia hivyo na kupachika mche wa urefu wa kidole katikati ya chungu cha lita 40. Mizizi yake michache haiwezi kunywa maji yote hayo, udongo unabaki tope wiki nzima, na mche unaoza shingo. Chungu kikubwa kinataka mmea mkubwa au mimea kadhaa yenye tabia moja. Hapa ndipo pipa la chuma la lita 200 linapokuwa na faida kuliko vyungu 20 vya saruji. Mpe fundi wa kuchomelea alipasue kwa urefu, upate mabirika 2 ya karibu lita 100 kila moja, ayasugue kingo zisikate mkono na kuyawekea miguu ya chuma cha pembe yenye kimo cha sentimita 10. Toboa matundu 10 hadi 12 ya sentimita 1, yakifuata mstari wa chini kabisa wa tumbo la pipa. Uliza kwanza lilibeba nini. Pipa la kemikali au la dawa za shambani usiliguse, na lililobeba mafuta lioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla halijapasuliwa na kutiwa udongo. Tena fundi asilipasue kwa moto wa gesi likiwa bado na mvuke wa mafuta, litalipuka.

Kwa nyumba za ghorofa hesabu inakuwa nyingine. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina uzito wa kilo 30 au zaidi. Katika mita moja ya mraba zinaenea ndoo 9, hizo ni kilo 270. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukokotolewa kwa mzigo wa takriban kilo 150 kwa mita ya mraba, juu ya uzito wa sakafu yenyewe. Vyombo vizito vikae kando ya ukuta unaobeba nyumba. Kwenye ukingo wa nje wa roshani visikae. Pipa lililopasuliwa libaki kwa wenye kibaraza cha chini. Wapangaji wa ghorofani wachanganye udongo na vile vijiwe vyepesi vya volkano vyenye vitundu ambavyo Arusha tunavyo vya kutosha, vikipondwa hadi ukubwa wa punje za mahindi. Vinapunguza uzito na kuingiza hewa.

Kuhusu kokoto za chini ya chungu, kuna imani imeota mizizi kuliko mimea yenyewe. Karibu kila mtu anaweka tabaka la kokoto chini "ili maji yatoke vizuri". Chukua sponji ya kuoshea vyombo, ile ya mstatili, iloweshe mpaka ishibe, kisha ishike ikiwa imelala mkononi mpaka iache kudondosha. Sasa isimamishe kwa upande wake mrefu. Itaanza kudondosha tena, ingawa hujaikamua. Sponji ni ileile na maji ni yaleyale, kilichobadilika ni kimo. Udongo nao uko hivyo: kila chungu, baada ya maji kuchuruzika, hubakiwa na tabaka la chini lililojaa maji, na kimo cha tabaka hilo kinategemea udongo wenyewe. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ushibe kabisa. Ukiweka sentimita 7 za kokoto katika ndoo yenye kimo cha sentimita 30, hujaondoa tope. Umelipandisha sentimita 7 juu, karibu zaidi na mizizi. Acha kokoto. Jaza udongo mpaka chini, funika matundu kwa kipande cha chandarua kuukuu ili udongo usitoroke, basi.

Matundu yenyewe yawe ya kutosha. Ndoo ya lita 20 itobolewe matundu 5 au 6 yenye upana wa kidole kidogo. Msumari wa inchi 4 uliopashwa kwenye jiko la mkaa unapitisha plastiki bila kuipasua, kisha unauzungusha kupanua tundu. Ikiwa ndoo itakaa juu ya marumaru, matundu mengine 3 yapigwe ubavuni, sentimita 2 kutoka chini, kwa sababu marumaru bapa huziba ya kitakoni. Afadhali zaidi ni kuinua ndoo juu ya vipande 3 vya tofali. Vitatu, si vinne, kwani vinne huyumba.

Udongo wa kujazia usichotwe tu shambani. Udongo mwekundu wa miteremko yetu ni mzuri ukiwa ardhini, lakini ndani ya chungu unashikamana, na ule mweusi wa mbugani ni balaa, ukikauka unajitenga na ukuta wa chungu na kuacha ufa ambao maji yote hupitia bila kugusa mizizi. Mchanganyiko unaofanya kazi ni madebe 2 ya udongo wa juu uliochekechwa, debe 1 la samadi iliyooza vizuri, na debe 1 la maganda ya mpunga au mchanga wa mtoni wenye punje kubwa. Maganda ya mpunga yanapatikana kwenye mashine za kukoboa Moshi, huko kwenye mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi, na magunia yake hubebeka kwa urahisi. Samadi iwe imekaa miezi 3 hadi 6 na haina tena harufu ya zizi. Ukiingiza mkono ndani ya lundo ukakuta lina joto, bado inachemka na itaunguza mizizi. Kujaribu mchanganyiko, ukamate mkononi ukiwa na unyevu, ukunje ngumi, halafu ufungue. Tonge lisimame, na ukiligusa kwa kidole livunjike. Lisipovunjika ongeza maganda.

Chungu hakishiki mbolea kama shamba, kila maji yanayochuruzika yanaondoka na chakula. Kijiko kimoja cha chai cha NPK 17-17-17 kwa ndoo ya lita 20, kila mwezi, kikinyunyizwa mbali na shina juu ya udongo uliolowa, kinatosha. Wanaozidisha wataona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukuta wa chungu. Huo ni chumvi. Pitisha maji mara 2 ya ujazo wa chungu, polepole, uisafishe, na mbolea isiingie tena kwa wiki 4.

Sasa jua, ambalo watu wengi hapa hulipangia kwa mazoea. Arusha ipo nyuzi 3 na ushee kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, upande wa Mlima Meru. Desemba linaegemea kusini. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba liko utosini. Kibaraza kinachotazama mlima kinapata jua la mchana miezi ileile ambayo Arusha ina baridi na mawingu, na Desemba na Januari, anga likiwa wazi, kiko kivulini. Kinachotazama kusini ni kinyume chake. Tena paa likiwa na kimo cha mita 2.4, jua la adhuhuri la Desemba huingia chini ya ukingo wa paa kiasi cha sentimita 90 tu, na la Juni kwa upande wa mlima karibu mita 1.2. Maana yake ni kwamba kwenye kibaraza cha upana wa mita 2, safu ya mbele inapata jua la adhuhuri na safu ya ukutani hailipati kamwe. Waridi, pilipili, nyanya na bogonvilia zikipangwa ukutani zitarefuka shingo zikitafuta mwanga na hazitachanua hata uzisemeshe. Ukutani ni mahali pa masale, sansevieria ya majani kama panga, na makangaga (fern). Vibaraza vinavyotazama magharibi havina siri: jua la alasiri linaingia mpaka mlangoni, mimea laini haina maisha hapo.

Ukingo wa paa una jambo lingine. Masika ikifika, mtu huacha kumwagilia kwa kuwa mvua inanyesha. Inanyesha uani. Vyungu vilivyo chini ya paa havipati tone, na kila mwaka mwezi wa Aprili mimea inakufa kiu mita moja tu kutoka kwenye mvua. Vilivyo kwenye mstari wa matone ya bati navyo vinachimbwa, udongo unaruka, mizizi inabaki wazi. Visogeze nusu mita, mbele au nyuma, na wiki za mvua kubwa ondoa sahani zote.

Hizo sahani za chini ya vyungu zinanikera kuliko kitu kingine chochote kibarazani. Zinaokoa marumaru yasipate madoa, sawa, lakini vyungu 60 ni visima 60. Mbu anayeambukiza homa ya dengi, ambayo mwaka 2019 iliisumbua sana Dar es Salaam, ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana, na hupenda vyombo vidogo vya namna hiyo hasa. Kwenye joto, yai linakuwa mbu kwa siku 7 hadi 10. Kumwaga maji pekee hakutoshi kwa kuwa mayai yanagandia ukutani mwa sahani na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Mara moja kwa wiki sahani isuguliwe kwa brashi ngumu, au ijazwe mchanga mpaka ukingoni, ili maji yachuruzikie ndani ya mchanga na mbu asione uso wa maji. Mwenye sahani 8 atafanya kazi hiyo. Mwenye 60 atasema atafanya Jumamosi.

Maji ya Arusha yana tabia yake pia. Sehemu nyingi za mkoa huu maji yana floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, ileile iliyotia meno ya watu wengi rangi ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vinavuka hapo. Mimea mingi haijali. Lakini masale, jani la kuombea msamaha kwa Wachaga, linaumia, na vivyo hivyo ile mimea ya majani membamba yenye mistari myeupe inayoning'iniza watoto wake hewani. Floraidi husafiri na maji hadi nchani mwa jani, maji yanaruka hewani, yenyewe inabaki na kujilimbikiza. Ncha inakuwa kahawia, kisha kingo, na mara nyingi kuna utepe wa njano kati ya palipokufa na palipo hai. Mwenye mmea anadhani ni kiu, anaongeza maji, na kuongeza sumu. Kuchemsha hakusaidii, kunazidisha ukali kwa vile maji yanapungua na floraidi haiendi popote. Mimea hiyo ipewe maji ya mvua. Mvua ya milimita 10 kwenye bati la mita za mraba 20 ni lita 200, toa kidogo kinachorukia nje. Simtanki ndogo yenye wavu mdomoni inatosha kwa masale machache hadi vuli. Kijiko kimoja cha chakula cha chokaa ya kilimo katika udongo wa ndoo ya lita 20 nacho hupunguza floraidi inayopanda, na mbolea ya supafosfeti mimea hiyo isipewe, maana ina floraidi ndani yake.

Msongamano wenyewe una adhabu yake. Majani ya vyungu viwili yakigusana, vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaojificha kwenye makwapa ya majani, wanavuka kwa miguu. Na hawavuki peke yao: sisimizi wanafyonza utamu wanaoutoa, kwa hiyo wanawalinda. Ukiona sisimizi wanapanda shina la waridi kwa msururu, usihangaike na sisimizi, geuza majani. Wachache watolewe kwa pamba iliyochovywa spiriti. Wakiwa wengi, changanya mililita 5 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita 1 ya maji, jaribu jani moja, subiri siku nzima, kisha nyunyiza jioni hasa upande wa chini, na urudie kila siku 5 mara 3, kwa sababu sabuni haiui mayai. Unga mweupe unaojitokeza kwenye waridi Juni na Julai ni ubwiri, na kibaraza kilichobanana ni kitanda chake. Acha sentimita 15 kati ya jani na jani, na sentimita 20 kati ya chungu na ukuta, ili ufagio upite na plasta isioze.

Nani basi aondoke? Anza na wafu. Kuna vijiti vikavu vinavyomwagiliwa Arusha hii kwa matumaini. Halafu ving'oe vilivyojaa mizizi uvitazame. Dalili ni maji kupita moja kwa moja bila kukaa, na mizizi kuchungulia kwenye matundu. Mwagilia siku moja kabla, pindua chungu, gonga ukingo. Ukikuta mizizi imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, ichane kwa kisu mistari 4 kutoka juu hadi chini, kina cha sentimita 1 au 2, kisha uhamishie mmea kwenye chungu kipana kwa sentimita 4 au 5 zaidi, kimo cha shina kikibaki palepale. Ukae kivulini siku 7. Mche wa parachichi ulioota kutokana na kokwa ya jikoni na sasa una mita moja ndani ya ndoo hautazaa humo; upeleke ardhini au umpe mwenye shamba. Difenbakia, yale majani mapana yenye madoa ya krimu, itoke sehemu ya chini kama kuna mtoto anayetambaa, kwa kuwa akiitafuna mdomo na ulimi vitavimba. Mnanaa na mchaichai kila mmoja akae peke yake. Ukiwachanganya na wenzao kwenye birika la pipa, baada ya miezi 4 utakuwa na birika la mnanaa.

Kwa kibaraza kile cha mita 3 kwa 2 tulichoanza nacho, mtu mwenye robo saa asubuhi anaweza kutunza vizuri mabirika 2 ya nusu pipa, ndoo 6 za lita 20, na vyungu vidogo 8 vya mimea isiyo na kiu kama sansevieria, mshubiri na kaktasi, ambavyo hunyweshwa kila baada ya siku 7 hadi 10. Birika moja libebe mboga: sukuma wiki 4 nyuma na mchicha mbele. La pili maua. Ndoo ziwe za nyanya, mche mmoja kwa ndoo, pilipili, waridi na bogonvilia. Kwa mpangilio huo kiangazi kinakula lita 15 hadi 18 kwa siku, chini ya ndoo moja, na mabirika yanavumilia siku 2 bila kuguswa. Bogonvilia usiisongeshe kwa maji wala mbolea ya kukuza majani. Ikishiba mno inatoa majani matupu, ikikaa na kiu kidogo ndani ya chungu kinachoibana ndipo inachanua.

Kinachorudisha wingi ni mkasi. Kila tawi linalopogolewa linatafutiwa kopo, likiota linaonewa huruma, na mwaka hauishi kibaraza kimejaa tena. Anayekata vipandikizi akate vya kugawa, avioteshe kwenye viriba uani na sio barazani, na anapompa jirani amwambie mambo matatu: unataka jua la upande gani, unakunywa kiasi gani, na utakuwa na ukubwa gani baada ya mwaka. Jirani akisikia hilo la tatu, wakati mwingine hukataa, na hapo kipandikizi kiende kwenye lundo la mboji.

Mtunza kitalu,
Tengeru, Arusha